Glasi ya Maji Aliyokunywa Miss Tahsina

Kodomtola, karibu na Shibganj,
Chapainawabganj.
Tarehe 9 Falgun, 1410, kwa kalenda ya Kibengali.

Mpendwa mpwa wangu Badiul,

Salaam aleikum, wewe mla tende wa Maskati. U hali gani? Mgongo umepoa, au bado unatembea kama bata aliyepigwa jiwe? Unalala vizuri? Mkeo Shefali ananiambia eti umenenepa. Nimemwambia siamini, watu wa ukoo wetu hawanenepi, huwa wanavimba tu wakisifiwa.

Mimi mjomba wako ni mzima kuliko nyumba yangu. Meno yamebaki machache lakini ni yale makali. Juzi nimekula mkate wa dengu za kalai kwa pilipili mbichi mbele ya vijana wa sokoni, wao wakatoa machozi, mimi nikaomba mwingine. Waulize, wapo.

Utashangaa mwandiko huu mzuri. Unanijua, mimi nilipelekwa shule asubuhi nikarudishwa mchana, mwalimu akamshukuru Mungu. Anayeshika kalamu ni Miss Tahsina, msichana wa chuo kikuu huko Rajshahi. Anasomea maji. Ndiyo, maji. Usicheke, nilishacheka mimi kwa niaba ya kijiji kizima. Mimi nasema, yeye anaandika nilivyosema, hata nikimsema yeye mwenyewe. Tumekubaliana hivyo.

Mwanao Tuni amekua. Ulimi kaupata kwa bibi yake. Nilipiga chafya mbele yake, akaniambia, "Babu, hata hiyo chafya ni ya uongo." Sasa mtoto wa namna hiyo utamfanya nini? Ndama wako mwekundu naye ameanza kupiga watu pembe ambazo bado hazijaota. Miembe imetoa maua mengi, nyuki wamejaa mpaka ukipiga mwayo unafunga mdomo haraka.

Gombhira, mchezo wetu wa utani wa jukwaani, bado tunacheza. Mimi babu, Montaj mjukuu. Montaj ana mvi mpaka kwenye nyusi, lakini bado anapanda jukwaani na ile fulana yake iliyochanika, ananililia, "Babu, babu, mwaka huu tumepata shida!" na watu wanakubali kwamba ni mtoto. Mimi ndiye niliyemfanya akubalike. Mwingine angempiga mawe.

Naona ninazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Miss ameweka kalamu chini ananitazama. Haya. Habari yenyewe ni ya mama yako, na ya lile bomba.

Mwaka jana mvua zilipokatika walikuja watu wa mradi wakapima mabomba yote ya mkono. Lililo zima wakalipaka rangi ya kijani, lenye sumu wakalipaka nyekundu. La kwako, lile ulilomchimbia mama yako kwa mshahara wako wa kwanza, walilipaka nyekundu. Najua hakukuandikia. Alinikataza na mimi. Alisema nyekundu ni rangi ya bibi harusi, kwa hiyo bomba lake limeposwa, na wenye mabomba ya kijani waendelee kukaa na wivu wao. Watu wakaona kasema kweli. Wakaendelea kuja na ndoo.

Baada ya hao ndiyo akaja huyu Miss na vichupa vyake. Akapima upya peke yake, kwa ajili ya masomo yake, akaona wale wa mradi hawakukosea. Walimu wake walimtuma kupima tu. Yeye akaona hawezi kupima halafu akaondoka kimya, akaamua awaeleze watu.

Mpwa wangu, ungemwona! Alitukusanya uwanja wa shule, akatundika karatasi lenye mistari inayopanda kama ngazi. Akasema, "Mkusanyiko wa aseniki katika maji ya ardhini umezidi kiwango kinachokubalika." Akataja maikrogramu. Lalmohammad muuza samaki akanyoosha mkono: "Miss, huyo Maikro ni mtu wa kijiji gani? Tukimkamata tumlete kwako?" Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko. Wanawake wakaondoka kwenda kupika. Nikabaki mimi na mbuzi, na mbuzi alikuwa anakula karatasi.

Akanifuata kibarazani kwangu, macho mekundu. "Babu," akasema, "wewe watu wanakusikiliza. Nifundishe kusema."

Sasa hapo alikuwa amegonga mlango wa mwenyewe. Mimi nimewahi kumtania mkuu wa wilaya mpaka akameza tambuu yake nzima. Nikamwambia kaa chini.

"Una nini cha kuwaambia?"

"Kwamba maji yana aseniki."

"Ndiyo nini?"

"Ni sumu, babu. Imo kwenye mchanga wa chini, tangu zamani. Haina rangi wala harufu wala ladha. Ukichemsha maji haitoki."

"Iko kiasi gani?"

"Kwenye ndoo nzima, labda chembe chache za chumvi."

"Toka hapa! Chembe chache? Hata kuku wangu hafi!"

"Hafi kesho, babu. Ni kila siku, kila ukinywa, kila ukipikia, miaka na miaka. Inamla mtu kwa ndani na nje anaonekana mzima."

"Kama mchwa kwenye nguzo."

Akatoa kalamu aandike kwenye kiganja. Nikampiga kidole. "Usiandike, we mtoto! Sema!"

Ndivyo tulivyoanza. Nilimnyang'anya makaratasi yake. Nilimpeleka soko la Shibganj nikamsimamisha kwenye meza ya vitunguu ya shemeji yangu, nikamwambia uza. Sauti haikutoka, ikawa kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Nikamwambia, kama huwezi kumuuzia mtu kitunguu anachokitaka, utamuuziaje hofu asiyoitaka? Siku ya tatu alikuwa anagombana na wanunuzi kama mama mkwe. Anacheka sasa hivi akiandika, lakini ni kweli.

Kisha nikamwambia, watu usiwaeleze ulivyojua, waeleze ulichokiona. Umeona nini? Akasema, "Nimeona viganja, babu. Nikienda kuchota maji ya kupima, naona viganja vya wanaopampu."

"Vya nani?"

"Vya dada yako."

Kweli, mpwa wangu. Mimi nakula kwa huyo mwanamke kila Ijumaa, na sikuwa nimeviona. Viganja vya mama yako vimeota vigaga vigumu, kama punje za dengu zimefukiwa chini ya ngozi. Nyayo pia. Na kifuani, Shefali ameniambia, ana madoa meusi madogo madogo, kama mtu aliyenyeshewa mvua ya wino. Alikuwa anasema ni uzee. Sote tukasema ni uzee.

Tukatengeneza mchezo. Montaj alinuna siku mbili kwa sababu nilimpa Miss nafasi yake ya mjukuu, halafu akakubali kupiga ngoma. Wewe unajua desturi yetu: yule mtaniwa mkubwa anakaa mbele, tunamchana mbele ya watu wote, naye hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika atachekwa mwaka mzima. Anatakiwa acheke, kisha asimame awape wachezaji kitu, peremende au chai au shali, kuonyesha moyo wake ni mweupe. Nikamkalisha mbele mama yako. Bomba lake ndilo linalonywesha nusu ya kijiji, nikasema tukilipata hilo tumepata yote.

Ilikuwa baada ya alasiri, uwanja wa soko umejaa. Miss kapanda na fulana ya Montaj juu ya nguo zake, watu wakapiga mbinja.

"Babu, babu, nina kiu!"

"Kanywe kwa Jorina, mjukuu wangu. Ana bomba la Maskati. Mwanawe alilileta mgongoni kutoka jangwani!"

Mama yako akacheka, akajifunika mdomo na sari.

"Babu, hilo bomba lina rangi ya bibi harusi."

"Basi vizuri, nitalioa mimi."

"Usilioe, babu, lina mchwa."

"Mchwa kwenye maji? Umelewa?"

Hapo Miss akashuka jukwaani. Hilo hatukuwa tumelipanga. Akatembea katikati ya watu akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ileile ya kuuzia vitunguu, kwamba kuna mchwa usioonekana, unaingia na maji, unakula nguzo polepole, na kwamba nguzo ni wao wenyewe. Akasema, "Kama mnadhani naongopa, fungueni viganja vyenu."

Wakafungua. Badiul, nimecheza tangu sijaota ndevu, sijapata kusikia kimya kama kile. Wanawake wanatazama mikono yao. Lalmohammad anamtazama mkewe mkono. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ya Allah, mimi pia." Ngoma ilikuwa imesimama. Nikasema moyoni, tumewapata. Huyu mtoto ni bora kuliko Montaj, kidogo tu chini yangu.

Ndipo mama yako akasimama.

Hakukasirika, la. Alifuata desturi. Alikuwa amepauka lakini anatabasamu. "Mmenitania," akasema, "na mimi nimepokea. Wachezaji wamesema sana, makoo yamekauka. Shefali, lete jagi."

Shefali akaja na jagi la maji ya lile bomba na glasi moja. Mama yako akamimina mwenyewe. Akampa Montaj, Montaj akanywa. Akanipa mimi, nikanywa, ningefanyaje? Dada yangu amenipa maji mbele ya watu. Kisha akaijaza mpaka ukingoni, akampelekea Miss, kwa mikono miwili, vile viganja vyake viko wazi.

Watu wote wakamtazama Miss.

Akaipokea. Akanywa. Mpaka chini kabisa. Akasema, "Ahsante, bibi, Mungu akuzidishie."

Kelele zilizotoka pale! Watu wakapiga makofi, wakamrushia Miss maua. "Kanywa! Hata Miss mwenyewe kanywa!" Lalmohammad akapanda kwenye benchi: "Mmeona? Ulikuwa mchezo tu, jamani! Mchezo wa babu!" Kila mtu akawa anacheka kama aliyefunguliwa kamba, wakamkumbatia mama yako, jagi likazunguka, likaenda kujazwa tena. Tuni wako alikunywa kutoka mkononi mwa bibi yake, katikati ya uwanja.

Tukirudi, nilimuuliza, "Kwa nini ulikunywa?"

"Babu, glasi moja haimdhuru mtu. Nimekwambia, ni miaka. Nisingeweza kumwaibisha."

"Hiyo unaijua wewe. Wao wamekuona unakunywa."

Alitembea mbele yangu mpaka kwa wenyeji wake, hakugeuka.

Asubuhi yake rangi nyekundu haikuwepo. Waliisugua kwa mchanga na kumbi la nazi, bomba likang'aa. Wiki ileile watu waliokuwa wameanza kwenda kwenye bomba la kijani la jirani Lalbanu wakarudi kwenye la mama yako, na wenye mabomba mengine mekundu nao wakasugua. Miss amezunguka nyumba kwa nyumba tangu wakati huo, na sasa anasema vizuri, mjomba wako ndiye aliyemfundisha. Wanampa kiti, wanampa bisi za mchele, wanamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wanamwambia, "Lakini si ulikunywa, Miss?"

Hapa ameomba tupumzike. Nimemwambia tusipumzike.

Mwezi wa Poush, kwenye baridi, mama yako alipata kidonda kwenye kidole, kile cha kuvalia pete, juu ya kile kigaga. Hakikupona. Kikala na cha pili. Tulimpeleka hospitali Rajshahi, mimi na Shefali, wakavikata vyote viwili. Barua aliyokuletea baada ya hapo, ile ya kusema amejikata kwa kisu cha mboga, ni uongo, na mimi nauonea wivu maana ulitungwa vizuri. Daktari aliniita pembeni. Ameona kitu kwenye mapafu pia. Amesema tumlishe anachokipenda.

Nakwambia wewe kwa sababu ni mwanawe na kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia.

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike. Hilo limeshakuwa. Ni hili jingine. Bado anakunywa, na kila anayekula katika nyumba yako anakunywa kwa sababu yake. Shefali ana madoa kifuani. Kaniruhusu nikwambie. Tuni bado ngozi yake ni safi, Miss amemtazama vizuri, viganja na nyayo, hana kitu. Bado.

Shefali alimwomba mama yako wawe wanachota kwa Lalbanu. Akamjibu, "Niombe maji kwa Lalbanu, wakati mwanangu kanipa yangu? Kafie huko na ndoo yako." Basi Shefali akafanya siri. Mama yako akilala mchana, anakwenda kwa Lalbanu na jagi, anarudi mbio. Siku ya kwanza tu mama yako aliweka glasi mdomoni akatema. Maji ya bomba lako yana ladha ya chuma, ya Lalbanu hayana. Akasema, "Haya si ya mwanangu." Akamfukuza Shefali chumbani. Akaamka mwenyewe, mgonjwa vile, akaenda kupampu kwa ule mkono wenye bandeji.

Nilikwenda kuzungumza naye. Nilikuwa na mzaha wangu tayari, nimeupanga njiani. Alikuwa amekaa kitandani, Tuni kalala pajani.

"Jorina," nikamwambia, "wewe si mjinga. Unajua."

"Sijui kitu."

"Ulifungua kiganja chako pale sokoni. Nilikuona."

Akasema polepole asimwamshe mtoto: "Kaka, mwanangu alikwenda akapasuka miguu kwenye saruji ya moto ili mimi nisitembee mpaka kisimani. Wewe unataka niseme alinipa nini? Sema wewe. Sema hilo neno."

Sikulisema. Mimi, niliyemmezesha mkuu wa wilaya tambuu. Nilimfunika mtoto shuka nikaondoka.

Umeelewa sasa, mpwa wangu? Maneno ya Miss ameyaelewa, kuliko mtu yeyote kijijini. Anachokataa ni kukufanya wewe mkosaji. Akilifunga bomba, amekubali kwamba wewe ndiye uliyemfanya hivi. Hawezi. Ataendelea kunywa mpaka mwisho ili wewe usiwe na kosa.

Kwa hiyo Miss hawezi, wala mimi, wala daktari. Ni wewe. Rekodi kaseti, umpe mtu anayerudi likizo, redio ya Shefali inafanya kazi. Usipige simu ya dukani, mtalia wote wawili na hela itakwisha kabla ya neno. Kwenye kaseti usimpigie hotuba, wala usiseme "wataalamu wanasema". Mwite kama unavyomwita. Mwambie, "Mama, maji yale ni mabaya. Sikujua. Waliochimba hawakujua, hata serikali haikujua. Usinilinde. Mzuie Tuni." Basi. Nyamaza kidogo halafu useme tena jina la mtoto, ili asikie hulisemi kwa kutumwa.

Miss anasema ukichimba chini zaidi, maji ni mazuri. Hiyo tutaiongea, siyo leo. Leo ni mkono wa bibi unaompa mtoto glasi.

Yeye mwenyewe hatapona kwa kuacha, daktari kaniambia. Sitaki ufikiri kaseti itamrudisha. Ni ya Tuni. Nilitaka niweke mzaha hapa, kwa vile najua utaisoma barua hii mbele ya wenzako wa chumba kimoja, usije ukalia. Sina.

Nisalimie Harun wa Kansat wa chumbani kwenu, mwambie baba yake bado anakoroma sokoni kwenye duka lake. Shefali anakusalimu, na ameniomba niseme hana hasira. Montaj anakusalimu. Lalbanu naye, usishangae, anakusalimu, na anasema bomba lake liko wazi kwa mlango wa nyuma, mtu asione. Tuni anakusalimu kwa kelele. Miss anakuomba radhi kwa glasi ile. Nimemwambia asiandike hilo, kaandika.

Salamu za mama yako sikuletei, maana hajui kwamba nimeandika. Akiuliza nitamdanganya, kazi hiyo naiweza.

Mungu akulinde na jua la huko, akupe mkono mwepesi wa kufanya lililo gumu, na akufikishe nyumbani uwakute.

Ni mimi wako akupendaye hata ninapokukera,
Mjomba wako Kafiluddin